Kadi za Zawadi, Sheria za Marekani, na Dhambi ya Kunyamaza

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad s.a.w., tumeletewa katika darasa letu suali ambalo mtu akilitazama juu juu atadhani kuwa halituhusu, kwani mfano wake umetoka nchi ya mbali. Suali lenyewe ni hili: Muuza duka amwona mtu mzima aja kununua kitu, naye kwa dalili zilizo wazi ajua kuwa mnunuzi huyo anadanganywa na mtu aliye mbali, na mali yake karibu itapotea. Muuza duka hana shirika na mdanganyi yule, wala hamjui. Je, akipokea pesa na kunyamaza, ana dhambi, au hana? Na serikali ikimlazimisha kwa sheria aseme, je, imemdhulumu, au imemkumbusha wajibu wake?

Mfano ulioletwa ni wa Marekani, ambako baadhi ya watoto wetu wanaishi, na wengine wao wanafanya kazi katika maduka hayo hayo. Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe, kwani hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu.

Katika maduka ya kule huuzwa kadi ziitwazo kadi za zawadi. Mtu hulipa, tuseme, dola 50 au 100, akapewa kadi yenye namba, na mwenye namba hizo aweza kununua vitu vya thamani hiyo katika duka fulani au katika biashara ya mtandaoni. Asili yake ni njema: baba hakujua mwanawe apenda nini, basi humpa kadi akachague mwenyewe. Nasi hapa twalifahamu jambo hili kwa urahisi, kwa sababu tumezoea kadi za simu za kukwaruza. Aliyezisoma namba zile ndiye mwenye mali, hata kama kadi yenyewe iko mkononi mwa mwengine. Na hapo ndipo mlango wa wizi ulipofunguka.

Wizi wenyewe ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya ulimi. Mzee hupigiwa simu na mtu ajidaiye kuwa ni afisa wa kodi, au polisi, au wakili wa mjukuu wake aliyekamatwa. Huambiwa kuwa atafungwa leo leo asipolipa, na kwamba malipo hayapokewi ila kwa kadi za zawadi. Huamrishwa asikate simu, aende dukani, anunue kadi kadhaa, na akiulizwa aseme ni zawadi za jamaa zake. Kisha akwaruze na kuzisoma namba. Anapomaliza kuzisoma, mali imekwisha kwenda, na njia ya kuirudisha ni nyembamba mno.

Namna ya pili ni ya mkono. Mwizi huchukua kadi zilizotundikwa dukani ambazo bado hazijanunuliwa, akazifungua kwa ustadi, akanakili namba zake za siri, kisha akazifunga vizuri na kuzirudisha pale pale. Huja mnunuzi asiye na habari, akachagua kadi ile na kulipa pesa zake. Mara tu pesa zinapoingia katika kadi, mwizi huzitoa. Zawadi hupelekwa harusini au kwa mtoto aliyefaulu mtihani, naye akienda dukani huambiwa kuwa kadi ni tupu. Mtoaji ametahayari, mpokeaji amevunjika moyo, na muuza duka asema: Mimi nimekwisha uza.

Wala msidhani kuwa haya ni mambo machache. Shirika la serikali ya Marekani linaloangalia haki za wanunuzi, liitwalo Federal Trade Commission, lilipokea kwa mwaka 2023 peke yake mashtaka ya watu waliopoteza dola milioni 217 kwa njia ya kadi hizi na zinazofanana nazo. Na hizo ni za walioshtaki. Mzee aliyedanganywa mara nyingi huona haya hata kuwaambia wanawe, basi atawaambiaje maafisa?

Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina baraza lake la kutunga sheria. Majimbo kadhaa yametunga sheria juu ya jambo hili. New York imewalazimisha wenye maduka yanayouza kadi hizi waweke tangazo la kumtahadharisha mnunuzi. Maryland ilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kuzuia wizi wa kadi za zawadi, nayo ilianza kutumika mwezi wa Juni 2025. Sheria hiyo yataka kadi zifungwe katika vifurushi madhubuti ambavyo vikifunguliwa vitaonyesha alama, na tena yataka wafanyakazi wanaoziuza wafundishwe kuutambua udanganyifu huu na namna ya kuukabili.

Yatazameni vizuri mambo haya. Kumwadhibu mwizi ni jambo la kale, na kila sheria duniani yalijua. Lakini hapa sheria imemgeukia mtu asiyeiba, mtu aliyesimama nyuma ya meza akipokea pesa halali kwa bei iliyoandikwa, ikamwambia: Wewe nawe una wajibu. Funga vizuri unachokiuza. Mtahadharishe anayenunua. Jifunze kuona.

Wako wasiopenda jambo hili, nao wana hoja zao, wala si haki kuzipuuza. Wasema: Mnunuzi ni mtu baleghe, mwenye akili zake na mali yake, nani aliyeniweka mimi kuwa walii wake? Wasema tena: Nikimuuliza kila mzee kwa nini anunua, nitakuwa nimeingia katika faragha za watu na kuwadhania vibaya. Na wasema la tatu: Mwizi ndiye mwenye dhambi, na mzigo wa mtu haubebwi na mwengine.

Sasa na tuitazame dini yetu yasemaje.

Imam Abu Ishaq Shirazi, aliyefariki mwaka 1083, naye ni katika maimamu wakubwa wa madhhabi yetu ya Shafi, ameeleza katika kitabu chake al-Muhadhdhab kwamba muuzaji aijuaye aibu ya bidhaa yake ni lazima amweleze mnunuzi. Hakuishia hapo. Amesema kwamba hata asiyekuwa mwenye mali, mtu wa kando kabisa, akiijua aibu ile ni lazima ambainishie anayenunua. Na hoja aliyoitegemea ni kisa cha sahaba Wathila bin al-Asqa' r.a.

Yasimuliwa kwamba mtu mmoja alinunua ngamia, na alipokuwa akienda zake Wathila alimfuata mbio huku nguo yake yaburura chini. Alipomfikia akamuuliza kama amebainishiwa hali ya ngamia yule. Mtu yule akajibu kuwa ngamia ni mnene, afya yake yaonekana wazi. Wathila akamuuliza: amemnunua kwa safari au kwa nyama? Akajibu kuwa ataka kwenda naye Hija. Hapo Wathila akamwambia kwamba unyayo wa ngamia yule una tundu, hataiweza safari ndefu. Mwenye ngamia alipoona biashara yake yaharibika akalalamika: kwa nini wanivurugia? Wathila akajibu kwa kuitaja hadithi aliyoisikia kwa Mtume s.a.w., ambayo maana yake ni kuwa si halali kwa mtu kuuza kitu ila abainishe kilicho ndani yake, wala si halali kwa ajuaye jambo hilo kunyamaza asilibainishe.

Zingatieni, ndugu zangu. Wathila si yeye aliyemdanganya mnunuzi. Mnunuzi alikuwa baleghe, mwenye akili na pesa zake. Wathila angeweza kusema kuwa hayamhusu. Lakini alikimbia. Na lile suali aliloliuliza, kwamba ngamia ni wa safari au wa nyama, ndilo mfano wa suali ambalo mfanyakazi wa duka aliyefundishwa aweza kuliuliza: Kadi hizi ni za nini, mzee wangu? Kuna mtu aliyekupigia simu? Kwani lau ngamia yule angetakiwa kwa nyama, tundu la unyayo lisingekuwa na neno. Na kadi zile lau zingekuwa kweli za wajukuu, kungekuwa hapana neno. Kitu ni kile kile, lakini madhara yaja na kusudi, na kusudi halijulikani ila kwa kuuliza.

Ama ile hoja ya dhana mbaya, jawabu yake ni kwamba dhana mbaya iliyokatazwa ni kumtuhumu mtu pasi na dalili. Hapa anayetuhumiwa si mnunuzi, bali ni sauti iliyo katika simu yake. Tena dalili zipo: mzee anunua kadi nyingi za thamani kubwa kwa mara moja, simu iko sikioni wala haikatwi, mikono yatetemeka, na jawabu zake ni kama za mtu aliyefundishwa. Neno la upole halimvunjii heshima. Linalomvunjia heshima ni kumwacha arudi nyumbani mikono mitupu, kisha tuseme nyuma yake kuwa mzee yule ni mjinga.

Na akiisha kuambiwa akashikilia kununua? Hapa maulamaa wetu wametuachia kipimo katika suala la kumuuzia zabibu mtu anayefanya ulevi. Wamesema ikiwa muuzaji ana yakini, au dhana yenye nguvu, kuwa zitafanywa ulevi, basi kumuuzia ni haramu. Na ikiwa ni shaka tu, ni makuruhu. Kwa kipimo hiki, muuza duka aliyekwisha kusikia kwa masikio yake sauti ya mwizi ikimwamrisha mzee asome namba, huyo hana udhuru wa kuuza. Na asiyejua ila kwa shaka, basi na aseme neno lake la nasaha, kisha mwenye mali ana hiari yake.

Ile hoja ya tatu, kwamba mwizi ndiye mwenye dhambi, ni kweli nusu. Na hapa lazima tufanye uadilifu, tusimbebeshe muuza duka yasiyokuwa yake. Katika wizi wa namna ya kwanza, wa ulimi, hatusemi kuwa aliyenyamaza atalipa mali ya mzee. Kanuni ya fiqhi ni kwamba wakikutana aliyesababisha na aliyetenda, hukumu ya kulipa humwangukia mtenda, na mtenda ni mwizi. Lakini kutokulipa duniani si kuwa safi mbele ya Mwenyezi Mungu. Anayemwona kipofu aelekea kisimani akanyamaza, kadhi hamtozi kitu, lakini nani kati yetu atakayesema kuwa mtu huyo amelala usiku ule hana deni?

Ama wizi wa namna ya pili, ule wa kadi iliyokwisha kufunguliwa, mambo yake ni mengine. Mfano wake ni mnyama aliyefungwa chuchu siku kadhaa ili ziwa lijae maziwa, mnunuzi adhani ni mnyama wa maziwa mengi, kumbe siyo. Mtume s.a.w. amelikataza jambo hili na akampa mnunuzi hiari ya kumrudisha mnyama. Kadi ile nayo nje imefungwa vizuri, na ndani imekwisha kukamuliwa. Tena katika madhhabi yetu, kilichouzwa kikiharibika kabla mnunuzi hajakikabidhi, hasara ni ya muuzaji. Basi yule aliyelipa dola 100 akapata kipande cha karatasi ngumu, amekabidhi nini? Namba za siri zilikuwa mikononi mwa mwizi tangu kadi ikiwa imetundikwa dukani. Tuonavyo sisi, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, mwenye haki hapa hafai kuzungushwa kwa simu baina ya duka na kampuni iliyoitoa kadi, kila mmoja akimsukumia mwenziwe. Waliopokea pesa ndio wenye dhamana. Kwa hivyo sheria ya kufunga vifurushi ni njema, lakini yazuia tu hasara ijayo. Haki ya aliyekwisha kuibiwa ni jambo la pili, nayo yataka kutazamwa pia.

Basi twaona kuwa Maryland haikuleta ajabu. Imeandika katika daftari la serikali baadhi ya yale ambayo maulamaa wetu wameyaandika karne nyingi zilizopita. Wala si aibu kuusifu uadilifu unapotoka kwa asiyekuwa wetu. Aibu ni kuwa na kitabu kabatini, na wengine ndio wanaoyatenda yaliyomo.

Lakini sheria ya serikali ina mpaka wake. Yaweza kumlazimisha muuza duka aweke tangazo. Haiwezi kumlazimisha ajali. Yaweza kutaka afundishwe dalili. Haiwezi kumfanya aache foleni ya watu kumi na mauzo ya siku ili amnong'oneze mzee mmoja. Wathila hakulazimishwa na liwali wala polisi. Na palipo na sheria bila hofu ya Mwenyezi Mungu, tangazo hugeuka pambo la ukutani, likaning'inia juu ya kichwa cha mzee anayelipa, wala hapana anayelisoma.

Na liko jambo jengine ambalo hatuna budi kulisema, hata likiwaudhi wengine. Wizi huu hausimami kwa mwizi peke yake. Namba zikiisha kuibiwa hutafutiwa mnunuzi, na huuzwa kwa bei ya chini. Anayenunua kadi ya dola 100 kwa nusu ya thamani yake, wala haulizi imetoka wapi, huyo ndiye mkono wa pili wa mwizi. Lau hapangekuwa na mpokezi, mwizi angebaki na namba zisizomfaa. Mali iliyoibwa haihalaliki kwa kupita mikono mingi.

Tena wako vijana, nao tumewasikia, wanaosema kuwa kumdanganya mtu wa Ulaya au Marekani si dhambi, kwa sababu si Waislamu, na kwa sababu mababa zao walitutawala na kutunyang'anya. Maneno haya ni uzushi mtupu. Mtume s.a.w. alipohama Makka, nako wakati huo Makureshi wanapanga kumuua, alimwacha Sayyidna Ali r.a. nyuma ili awarudishie watu amana zao zilizokuwa kwake. Na al-Mughira bin Shu'ba alipowaendea kinyume wenzake wa safari katika siku za ujahili, akawaua na kuchukua mali yao, kisha akaja kusilimu, Mtume s.a.w. aliupokea Uislamu wake na akakataa kuwa na lolote katika mali ile, kwa kuwa ilichukuliwa kwa hiana. Hao walikuwa ni washirikina. Sembuse mzee wa Baltimore au wa Buffalo, ambaye hakukutendea lolote, akiba yake ni ya uzeeni, na kosa lake ni kuitikia simu? Anayejitajirisha kwa machozi ya mzee yule, kisha akatoa sadaka msikitini, na ajue kuwa Mwenyezi Mungu ni mwema, wala hapokei ila kilicho chema.

Wala tusidhani kuwa sisi tumesalimika. Tangu M-Pesa ilipoanza katika nchi yetu mwaka 2007, mama zetu wamepokea ujumbe wa pesa zilizotumwa kwa makosa, wakaombwa wazirudishe, wakarudisha kisicholetwa. Wamepigiwa simu wakaambiwa wameshinda zawadi, watume ada kwanza. Serikali yetu nayo ilitunga mwaka 2018 sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao, yenye adhabu kwa wadanganyi wa namna hii. Lakini kabla mzee hajatuma pesa, mara nyingi hupita kwa mtu: ajenti wa M-Pesa wa mtaani, mwenye duka, kijana wa jirani anayeombwa amsaidie kubofya simu. Mtu huyo ndiye Wathila wa mtaa wake, akitaka.

Basi jawabu ya suali letu ni hii. Mwenye kuiona hiana yatendeka mbele yake, naye aweza kuizuia kwa neno moja lisilomgharimu ila mauzo ya siku, akanyamaza, ana dhambi, ijapokuwa hakuiba wala hatolipa. Serikali ikimlazimisha aseme haikumdhulumu. Imemlazimisha alipe deni lililokuwa juu yake. Na mwenye kupokea kilichoibwa naye ajua, ni mshirika wa mwizi, iwe mali ni ya Muislamu au ya asiyekuwa Muislamu.

Twawausia watoto wetu walioko ng'ambo, wale wanaosimama nyuma ya meza za maduka: mtakapomwona mzee ana kadi mkononi na simu sikioni, msingoje mkuu wa duka awaamrishe, wala msitazame kama sheria ya jimbo lenu yawalazimisha au haiwalazimishi. Mwambieni kwa upole kwamba afisa wa kweli halipwi kwa kadi za zawadi. Na walioko hapa, kila ajenti na kila mwenye duka, na amuulize mama anayetuma pesa kwa namba asiyoijua: Mama, wamjua huyu? Ni maneno machache, lakini huenda siku ya kiyama yakawa mazito katika mizani kuliko mengi tuliyoyahesabu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona, na ndimi za kusema, na mikono iliyosafika na mali za watu. Amin. Wabillahi tawfiq.